Aliyekifua

Kwetu Wazirabad usingizi hukatwa na nyundo
kabla haujakatwa na adhana.
Baba, Inayat, ameshawasha makaa.
Mimi, Shagufta, nawaandikia wanunuzi
kwa simu yenye kioo cha nyufa,
maana baba anajua lugha mbili tu:
Kipunjabi, na joto.

Kifurushi cha Torunn kilitoka Tromso.
Ndani, barua, na kipande cha mti wa mtufaha.
"Baba yangu aliupanda, upepo ukauangusha.
Naomba uwe mpini. Kisu kiwe cha jikoni."
Baba alikinusa kile kipande, akakinusa tena.
"Huko nako kuna matufaha? Si barafu tupu?"

Beringi za lori lililofia barabara ya Gujrat,
na msumeno wa magogo, wenye nikeli:
mmoja mweusi, mmoja mweupe, hawapendani.
Boraksi ndiyo mshenga. Nyundo ndiyo kadhi.

Tabaka kumi na tatu. Kunja.
Ishirini na sita. Kunja.
Hamsini na mbili, umeme ukakatika,
feni ya tanuri ikanyamaza,
kaka yangu Waqas akaurukia mvukuto wa babu.
Mia na nne. Jasho la baba lilidondoka kwenye fuawe,
likasema tsss, likaondoka bila kuaga.
Mia mbili na nane.

Siku ya kukizamisha alipima kwa sumaku:
sumaku ikikataa kushika, chuma kimeiva.
Mafuta ya haradali yakaupokea ubapa,
moshi wake ukatutoa machozi sote.
Kisha tukasikia.
Tinn.
Sauti ndogo, ya kijiko na gilasi.
Waqas akatazama viatu vyake.

Ufa ulikuwa karibu na shina,
mwembamba, ungeuona kwa kuinamisha kisu kwenye jua.
Chaudhry Sarfraz, dalali,
anayenunua kwa kilo na kuuza kwa picha,
alisema, "Mpini utaufunika. Gundi kidogo tu.
Nani huko Norwe atakayeona?"
Baba alikibana kisu kwenye jiriwa, akavuta.
Kilikatika palepale.
Ndani chembe za kijivu, kama sukari guru.
"Mimi nimeona," akasema.

Idi ile hatukuchinja.
Jirani alituletea mguu wa mbuzi,
na sisi, nyumba ya wafua visu,
tukaazima kisu cha kuukatia.
Vyetu vyote vilikuwa angani, ndani ya ndege.
Upo msemo: mwenye kisu kikali ndiye mla nyama.
Aliyekifua hakutajwa.

Cha pili hakikulia.
Tindikali ilipokilamba, mistari iliamka mmoja mmoja,
ikajipanga mpaka kwenye mpini,
na pale ikakutana na mistari ya mti,
nikashindwa kusema chuma kimeishia wapi.
Nilikifunga kwa gazeti la Ijumaa.
Juu niliandika: chombo cha jikoni.

Baada ya wiki sita ikaja picha.
Kisu kiko ukutani, nyuma ya kioo,
chini ya mzee mwenye kofia ya sufi.
"Ni kizuri mno," ameandika Torunn, "siwezi kukitumia."
Baba aliitazama mpaka simu ikazima yenyewe.
"Mwandikie. Mwambie akate mkate.
Mwambie akikwaruze, akisahau kwenye maji, akilaani.
Mwambie sikufua picha."
Niliandika "asante sana", nikafuta.
Nikaandika alivyosema.

Bado hajajibu.

Mama hana habari na tabaka.
Alikiokota kile kipande kwenye vumbi la kinoo,
akamwekea baba mbele ya chai: "Mpini."
Mtufaha uliobaki haukufika urefu wa kidole;
baba akauunga na mfupa wa ngamia.
Ni kifupi, kibaya, kimepinda kidogo kushoto.
Mistari yake mia mbili na nane
inanuka vitunguu.