Kamba ya Manyoya ya Ngamia

Usiku ule tufani la mchanga lilitufungia hemani,
watu sita, jiko moja, chai ya chumvi.
Puntsag, mchanganya plasta, akauliza
kama aulizaye bei ya kondoo:
"Huyu tunayemchimba, angekuwa hai,
angefungika?"

Wakanigeukia mimi.
Ni kwa ajili ya mikono hii yenye vidole tisa.
Mimi Badamgarav, mfunza ngamia wa Gobi,
nimetoboa pua mia tatu na ushei,
nikapitisha kijiti, nikafunga kamba,
na mnyama wa nusu tani akanifuata kama deni.
Kidole cha kumi alikichukua ngamia mweupe
niliyekuwa nimemfunga sawasawa.

Nikasema, ngojeni kwanza nimpime.
Ngamia ni pua. Farasi ni shingo.
Fahali msokote mkia, atakusikiliza.
Huyu wa kwetu ni nini?

Oyungerel, daktari wa mifugo, akafungua daftari.
"Tani nne, labda tano.
Dawa ya usingizi, kijiko au ndoo, sijui.
Kipimo kinachomlaza mamba kinaweza kumuua mbuni,
naye huyu ni jamaa wa wote wawili.
Tena akilala kifudifudi
uzito wake mwenyewe utamkaba pumzi.
Asubuhi utakuta umefunga maiti."

"Mnyororo!" akasema Luvsandorj, dereva wa lori,
mtu asiyeona tatizo ila huona chuma.
"Ninao wa kuinulia tani ishirini."
Unao, ndiyo. Na wa kuupitisha unaye?
Panya walishindwa na paka mmoja na kengele yake.

Puntsag akataka tumfunge mikono.
Tukacheka mpaka chai ikamwagika:
mikono ile, mifupi kama miiko ya uji,
pingu ingepwaya, naye asingejua kama amefungwa.

Mdomo, basi. Hapo nilinyamaza kidogo.
Taya la mamba likibana linavunja paja la ng'ombe,
lakini likitaka kufunguka, ukanda wa mpira hulizuia.
Huenda na huyu. Huenda.
Ila sharti kwanza awe ameufumba,
nawe uwe umesimama pale, na ukanda wako mkononi,
ukinusa alichokula jana.

Ikabaki miguu.
Ngamia namkunja goti, nalifunga,
anabaki na mitatu na hasira yake.
Huyu anayo miwili. Ukimkunja mmoja ameanguka,
na kichwa kile, kirefu kuliko mtoto wa miaka saba,
kitatua chini bila mkono wa kukidaka.
Nikawaambia: kumfunga kupo, na kumuua kupo,
kati yake hapapiti unywele.
Oyungerel akaandika. Sijui aliandika nini.

Kulipokucha upepo ulikuwa umechoka.
Tukalibeba fuvu ndani ya plasta, jeupe, zito,
kama mgonjwa wa ajali,
tukalilaza kwenye lori, Luvsandorj akalikaza kwa minyororo.
Bonde la kwanza, mnyororo ukateleza.
La pili, fuvu likasogea, likagonga ubao wa nyuma,
ubao ukapasuka katikati.
Miaka milioni sabini ya kufa,
na bado lilikuwa linakwenda linakotaka.

Nikashuka, nikatoa kamba yangu,
ya manyoya ya ngamia, niliyoisokota mwenyewe kipupwe kile
mume wangu alipokuwa hospitalini.
Haitelezi. Inauma kitu na kukishika.
Nikaizungusha shingoni, penye shingo kama ingekuwapo,
nikafunga, nikakanyaga, nikavuta.
Likatulia.

Oyungerel akaja kutazama.
"Badamgarav," akasema, "hilo fundo."
Nikaangalia.
Vidole vyangu tisa vilikuwa vimefunga lile la kila siku,
la ncha moja inayoning'inia,
uvutapo mara moja, kamba yote inafunguka,
kwa maana aliye hai humfungi
pasipo kujiwekea njia ya kumwachilia.

Safari ilikuwa ya kilomita mia mbili na kumi.
Sikulifunga upya.