Kikopo Chenye Kifuniko Chekundu

Kikopo kina kifuniko chekundu
na jina langu kwa kalamu ya bluu:
Somoe Chilumba, miaka ishirini na sita, mkimbiaji.
Nimekifunga mara tatu kwa mifuko ya sukari,
nimekipakata kwenye pikipiki kutoka Nangoo mpaka Ndanda
kama mtu aliyebeba mayai.
"Umebeba nini, dada?"
"Ushahidi," nikamjibu dereva,
akanyamaza mpaka tunashuka.

Maana mwaka jana, tumeshaipita Chikundi,
kilomita ya ishirini na saba,
miguu ikiwa bado inaidai barabara,
tumbo liliniita kwa jina la utotoni.
Nikaacha lami. Nikaingia shamba la korosho la watu,
majani yana vumbi la salfa,
nikachuchumaa na namba yangu kifuani,
nikisikia viatu vya wenzangu vinapita, pwa, pwa, pwa,
na mtoto mmoja juu ya baiskeli
ananihesabia dakika kwa sauti.

Kambini tulikuwa tumelishwa kifalme:
wali mweupe, chipsi, soda, biskuti za pakiti,
na kila tumbo likiguna, vidonge.
Kocha Likwembe aliviweka mfuko mmoja na filimbi.
Flajili asubuhi, flajili jioni.
"Ua wadudu, ukimbie mwepesi."
Tukaua.
Hatukuuliza walikuwa nani.

Asumini wa maabara alinieleza huku anatafuta kalamu:
"Humo ndani wamo wengi
kuliko korosho zote zilizopita ghala la Masasi msimu huu.
Wapo wanaochambua nyuzi za mtama
ulizoshindwa wewe kuzisaga,
wakatoa tindikali ndogondogo za kulisha ukuta wa utumbo.
Ukikimbia sana, damu inahamia mapajani,
utumbo unabaki kama nyumba ambayo mwenyewe kasafiri;
ukuta ukiwa mwembamba, taka zinapenya.
Na wengine, wanasema, huila ile lakteti
inayomwagika kutoka kwenye misuli,
wakaigeuza kuwa mafuta ya safari."
"Wanasema?"
"Kwa panya wameona. Kwako wewe, Somoe, sijui.
Ndiyo maana ya kikopo."

Nikampenda kwa hilo sijui.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
hawa walishika jembe saa ile mama aliponizaa,
hawakungoja kuonyeshwa mpaka wa shamba.
Mimi ndiye mwenye nyumba nisiyewajua wapangaji wangu,
niliyepokea kodi miaka yote
kisha nikawamwagia dawa wamelala.

Basi nimevirudia vyakula nilivyovionea haya kambini:
ming'oko ya kuchemsha, inayoacha udongo kwenye kucha,
mbaazi, kunde,
ugali wa mtama wenye rangi ya kiatu cha zamani,
togwa ya siku ya pili, ile inayouma ulimi kidogo.
Sikuongeza kasi. Nasema kweli.
Wiki ya kwanza nilijaa gesi
hata dada yangu Binasa akahamishia mkeka barazani.
Ya tatu, pakatulia.

Jumapili nikalipita shamba lile.
Mabibo yalikuwa yameanguka, yameanza kuchacha,
harufu ikivuka mpaka barabarani,
na mimi nikajua ni kazi ya nani.
Hakuna aliyeniita.
Mwena, nikanywa maji mafundo mawili.
Nilimaliza wa tisa.
Wa tisa hapewi hata ndoo ya plastiki.
Nikasimama Ndanda, mkono juu ya kitovu,
jasho likinichuruzika mpaka kwenye soksi,
nikawaambia polepole, watu wasisikie:
tumefika.

Jioni simu ikaita. Asumini.
Alianza kwa kukohoa.
Jokofu lilizimika umeme ulipokatika, siku mbili,
waliomo kikoponi hawasomeki tena.
"Samahani sana, dada yangu.
Tunaomba kingine."