Punguzo la Asiyekuwepo

Virgil, nimehama.
Usishtuke. Nyumba ni ileile, mtaa uleule wa Lawton,
upepo wa Oklahoma bado unagonga mlango wa wavu
kama mdai aliyesahau jina la mdaiwa.
Nimehama bima.

Najua. Baba yako alikuwa nao tangu vita vyake,
miaka thelathini na minane, risiti zote kwenye kopo la biskuti,
na angesema, huku akilikuna goti lake lenye chuma:
zimwi likujualo halikuli likakwisha.
Kweli, halikutumaliza.
Lilitung'ata tu kila tarehe tano,
dola mia mbili na kumi na nne,
likajifuta mdomo, likatuandikia
asanteni kwa utumishi wenu.

Usiku ule Tobin alikuwa na homa.
Mimi macho, bili nayo macho.
Nikatandaza makaratasi pale mezani jikoni,
nikayakandamiza kwa chupa ya dawa ya kikohozi,
nikasoma yale maandishi madogo kama usubi
mpaka nikakuta tunalipia pikipiki
uliyoiuza Kansas.
Pikipiki, Virgil!
Miaka mitatu tunaikinga na wezi
mali ya mtu tusiyemjua.

Kulipokucha nikapiga simu.
Kampuni ya kwanza ilinichezea muziki dakika arobaini.
Ya pili ilitaja bei, nikacheka, wakakata.
Ya tatu aliitika binti mmoja, Yesenia,
kaka yake yumo jeshi la majini,
kwa hiyo hakuuliza imekuwaje
anwani nne katika miaka sita.

Aliuliza maili.
Gari langu: shule, zahanati, duka la kambini,
Jumapili kanisani, na Jumapili nyingine hata huko sifiki.
"Na hiyo pikapu?"
Iko chini ya turubai.
"Nani anaiendesha?"
Hakuna.
"Maili ngapi kwa siku?"
Nikachungulia dirishani. Turubai lilikuwa likiinuka na kushuka
kama kifua cha mtu aliyelala.
Sifuri, nikasema,
nikasikia kidole chake kikiibofya ile sifuri.
"Basi, mama, hapo kuna punguzo."

Gari la askari aliye ng'ambo
hulipiwa wizi, moto na mvua ya mawe, basi.
Ukijumlisha na ile pikipiki,
dola sabini na moja kila mwezi.
Nimekuwa nikikupima kwa vitu vyangu:
sabuni yako ya kunyolea iliyokauka ikapasuka,
upande wa shuka usiokunjamana.
Sikujua kuna mtu mahali
ameshakupigia hesabu, tena hadi senti.

Nikaona haya, lakini nikauliza.
Kila Jumamosi huwa naiwasha dakika kumi, betri isife.
Tobin anakaa kwenye usukani,
miguu haifiki, anakanyaga hewa,
anasema tunakwenda kwa baba.
Je, huko ni kuendesha?
Kimya. Nilidhani laini imekatika.
"Magurudumu yanazunguka?"
Hayazunguki.
"Basi hamjaenda popote," akasema,
akakohoa kidogo, akaniuliza tahajia ya jina letu
ambayo nilishampa.

Mwezi wa kwanza zilikuwa viatu vya Tobin.
Wa pili, friji; deni limekwisha, sasa inanguruma kwa amani.
Za mwezi huu nimeziweka kwenye kopo la baba yako,
juu ya risiti zake, asije akaninunia huko aliko.

Sharti ni moja, ukurasa wa nne, nimelipigia mstari:
siku utakayorudi niwaarifu siku hiyohiyo.
Ufunguo ukigusa mfuko wako, bei inapanda.

Namba yao nimeibandika mlangoni pa friji.
Mimi, ninayebishana na keshia kwa senti kumi za siagi,
nimeikariri.