Ramani ya Sechelela

Darasa la Tano, Chipanga, kipindi cha baada ya uji.
Nilisema: choreni njia ya kutoka kwenu hadi hapa,
msisahau skeli, msisahau kaskazini.

Sechelela kachora korongo pana kuliko kijiji kizima.
Shule kaisukuma pembeni, ndogo kama punje ya uwele.
Visima viwili vya mchangani: kimoja cha ng'ombe,
kingine, kwa mwandiko wa kubana, "cha mama, usiku".
Msalaba: "hapa maji yalimsomba Kidoti, mbuzi wetu".
Na mshale wa kaskazini unaelekea magharibi,
Manyoni, kwenye reli, aliko baba.

Nikashika kalamu nyekundu.
"Skeli iko wapi?"
"Mwalimu, mvua ikinyesha ni mbali.
Kiangazi ni karibu."

Kalamu ikabaki hewani.
"Na ya kwako, mwalimu?"
Huyo ni Ndahani, dawati la nyuma, hajawahi kuuliza kitu.

Nikageukia ubao.
Nyumba ya walimu. Mstari. Duka la vocha.
Mstari. Shule.
Miaka minne hiyo.

Sechelela akaja, hakuombwa,
akachukua chaki mkononi mwangu
akaanza kunichimbia korongo.