Mizani ya Mlangoni

Kwenye lango la soko la Kutaisi, upande wa wauza jibini,
manispaa imeweka mizani ya chuma, ya kijani,
na kibao: Hakiki uzito ulionunua. Bure.
Mwaka wa pili huu napita hapo, sijaona mtu akiitumia
ila watoto, wanaojipima wao na mbwa wao.
Lakini Tsiala aniambia, huku akifuta kisu kwa aproni,
tangu iletwe, kilo za soko zima zimenenepa.

Tsiala huyu ana jibini mbili:
ya kuonjesha, na ya kufungia.
Mgeni aliyeshuka basi la Batumi huonjeshwa ile,
hufungiwa hii,
akaenda zake akiisifu nchi.
Jirani haonjeshwi kitu. Jirani hukatiwa ile ya kwanza,
kimyakimya, kwa sababu kesho atarudi,
na akirudi, atarudi na mdomo.
Nilipomuuliza habari za dhamiri alicheka.
"Ninayo. Inajua nani anakaa mtaa gani."

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza: ndivyo nilivyolelewa.
Hapa vyote viko barabarani, vinagongana mabega.
Komamanga bora kuliko yote limepasuliwa,
limekaa juu ya rundo, ndani wazi.
"Hilo siuzi," asema Badri. "Hilo ni mfanyakazi."
Jioni, soko likifungwa, humla.

Ng'ambo ya barabara kuna maduka matatu ya dawa,
na yote yameandika PUNGUZO, LEO TU.
La katikati limepigwa jua hata wekundu umekuwa waridi.
Leo yake imeona theluji mara tatu.

Mwaka wa uchaguzi lami ilikuja mwezi wa tisa.
Ikapanda kilima, ikapita kanisa,
ikafika kwa Bibi Nazibrola, ikakatika kama mkate,
maana nyumba inayofuata hupiga kura jimbo jingine.
Bibi alitoka na viatu vyake vya ibada akaijaribu,
akaenda, akarudi.
"Laiti wangechaguliwa kila mwezi," alisema,
"tungeteleza mpaka Bahari Nyeusi."
Ahadi ni deni, nikamwambia.
Akanitazama kwa huruma: deni gani hilo,
mdai hukumbukwa kila baada ya miaka minne?
Mabango ya wagombea wote wawili ameyaomba mwenyewe.
Zurab anafunika kuni. Gocha anafunika kuku,
na kwa hesabu za Bibi, Gocha ndiye amefanya kazi,
plastiki yake ni nzito, haivuji.
Kura je?
"Kura ni siri," alisema, akawatupia kuku mahindi.

Nami si malaika.
Nilizoea kungoja saa kumi na mbili kasorobo, siku za mvua,
Tsiala apunguze bei.
Akanigundua. Akaanza kupandisha asubuhi
apate cha kushusha jioni.
Nikagundua kwamba amenigundua, nikawa napita nikitazama samaki.
Tuliendelea hivyo, kila mmoja akimfunda mwenzake ujanja,
mpaka wiki ile niliyougua.
Siku ya nne mwanawe alibisha hodi
na kifurushi, ndani ya gazeti lenye nusu ya uso wa Gocha.
Jibini ya jirani.
Pesa alikataa, aliambiwa akatae.

Tangu hapo siwezi kununua kwa mwingine.
Meza ya Manana ni nafuu kwa lari mbili;
naipita nikitazama sakafu, kama mwizi.
Ule ulikuwa ukarimu au biashara?
Juzi nilimuuliza Tsiala hivyo hivyo, bila kupindapinda.
Akaweka jibini yangu kwenye mizani yake,
akaongeza kipande, akakitazama, akakipunguza kidogo,
akasema hata yeye hajui.

Nikatoka. Langoni nikasimama
mbele ya ile ya kijani, kifurushi mkononi.
Hakukuwa na foleni. Hakukuwa hata na mbwa.
Mvua ilianza,
nikakiingiza ndani ya koti, nikaenda nyumbani.