Mshenga

Pete nyeusi niliitoa tumboni mwa televisheni
ya marehemu Filibati, ile iliyopigwa na radi mwaka wa korosho nyingi.
Waya nilipewa na Somoe wa mashine ya kusaga.
Mota imeungua, akasema, chukua,
shaba haina matanga.

Nyuzi mbili bega kwa bega, zisipandane,
mizunguko tisa. Nilihesabu kwa sauti
kama anayehesabu kuku jioni.
Wa saba ulinichana kidole; umebaki na damu yake.

Maana redio ya zahanati inasema hamsini,
na waya ulioning'inia kati ya mkorosho na mlingoti wa mianzi
unasema mia mbili,
na wawili hawa hawasikilizani. Wimbi likitumwa
hugonga mlango, hukuta komeo,
hurudi kumchoma aliyelituma.
Hapo ndipo anapotakiwa mshenga:
haoi, haolewi,
anasimama kizingitini akigeuza maneno ya huku
yawe maneno ya kule.

Wa kwanza nilimuua mwenyewe.
Nilimfungia katika kopo la vidonge,
nikamziba kwa nta, kwa gundi ya bomba,
kwa mafuta ya ganda la korosho, yale yanayobabua mikono,
nisimwachie hata pa kupitisha unywele.
Nikajisifu.
Mchana jua, usiku ukungu wa Newala:
kopo likatoka jasho kwa ndani,
jasho likakosa njia.

Mwezi Machi Kitangari iliita usiku kucha.
Asubuhi karani wa Newala akasema: sikusikia kitu,
ila kama mtu anakaanga dagaa.
Jina la aliyekuwa akisubiri gari
sikulitaja siku ile. Silitaji na hapa.

Huyu wa pili nimemtoboa.
Tundu moja, chini, upana wa njiti ya kiberiti,
na kipande cha chandarua, nyigu wasije kulijengea udongo.
Maji yataingia, nimekubali.
Yajue tu pa kutokea.
Mpira wa baiskeli nimeukata utepe,
nikauzungusha kuanzia chini kupanda,
kama mwezekaji: nyasi za juu zilalie za chini.
Na kebo, kabla haijaingia ukutani, nimeipinda kiwiko,
mvua ishuke hadi pale, isite, idondoke.

Nikammwagia ndoo tatu.
Muuguzi Atanasia akaniuliza kama namwogesha mtoto.
Namwogesha, nikasema.

Leo imenyesha tangu alfajiri.
Saa tatu kamili akabonyeza kitufe,
na sauti ya karani ikaja, kavu, kama imelala juu ya dari la jikoni:
Kitangari, nakupata. Mafuta ya friji mmeyapokea?
Atanasia akajibu: bado.

Mimi nilikuwa nje, nalitazama tundu.
Tone moja.
Nikasubiri.
La pili.