Mengineyo

Wa kwanza nilimfuata ghorofani, karibu na mnara wa saa.
Kiti chake kinazunguka. Tai yake ina rangi ya zabibu.
Hakufungua daftari langu, alilipima tu kiganjani
kama mtu anayeshikashika nyama asiyotaka kununua,
akasema: "Mama, kodi ni mdudu, na mimi ninayo dawa.
Mwaka huu tutaonyesha hasara mpaka mashine ionekane imekonda."
Nilicheka naye.
Kwenye ngazi nikaacha kucheka:
anayejua kuwaficha wale namba zangu
ananishindwaje mimi?

Wa pili ni Ndelamio, mtoto wa mama mkubwa.
Hesabu anazo kichwani, na bia zimo humohumo.
Mshahara hakuutaka. Alitaka ufunguo wa droo.
Nilimwandalia chai na mkate wa siagi, nikamwambia
undugu wetu ni mkubwa mno, hautatosha kwenye droo.
Mama mkubwa hajanisalimia tangu Pasaka.

Wa tatu alikuja mwenyewe, huku Njoro,
kwenye kinu changu cha chakula cha kuku:
Anansia, kandambili miguuni, penseli nyuma ya sikio.
Aliomba boksi la risiti, lile la viatu,
akaketi juu ya gunia la pumba
akatenga: mashudu huku, dagaa huku, umeme, usafiri,
na zile zilizofifia akaziinua kwenye mwanga wa mlango
kama anayetazama yai lina kifaranga au ni viza.

Saa mbili nzima hakusema neno.
Vumbi la mahindi likamkalia kwenye kope.
Kisha kidole chake kikasimama.

"Kila Ijumaa, elfu kumi na nne. Umeandika 'mengineyo'.
Mengineyo ni nani?"

Hakuuliza ni nini.
Aliuliza ni nani.

Umeme ulikuwa umekatika, mashine imenyamaza,
sikuwa na kelele ya kujifichia.
Nikasema: ni sabuni, sukari, nauli.
Ni kaka yangu. Yuko gerezani Karanga, mwaka wa nne huu.
Mume wangu hajui. Hata hilo daftari nilidhani halijui.

Hakutikisa kichwa. Pole hakunipa.
Alifuta lile neno, akapuliza vumbi la kifutio.
"Kinu hakina kaka," akasema. "Mwenye kaka ni wewe.
Kinu kikulipe mshahara, na wewe utoe mfukoni mwako.
Hapo hakuna wa kukuuliza. Hata mimi."

Akataja bei yake. Si ndogo, nilimeza mate.
Tena akataka niache kuuza jioni bila risiti.
Nikamwambia nitafikiri.
Nilikuwa nimeshafikiri.

Ijumaa ile nilijilipa, mara ya kwanza kwa miaka sita,
nikasaini mahali pawili: mtoaji, mpokeaji,
mkono uleule, na mara ya pili ukatetemeka.

Jumapili, getini Karanga, askari akauliza kama siku zote:
"Umemletea nani, na nini?"
Nikajibu yote mawili, kwa sauti,
foleni nzima ikasikia.